Kreshi kwa soko: pesa ya madini iko, tunangoja nini?

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya leta ni bure katika nchi yetu. Katiba ilisema hivyo tangu 2006, katika artikli ya 43, na wazazi walingoja miaka kumi na mitatu. Tulifurahi, na mpaka leo tunafurahi. Lakini pita kwenye avenyu za Kasulo, ama za Kapata, siku ya kazi, saa tatu ya asubuhi, na uhesabu wasichana wa miaka 9, 10, 11 wenye mtoto mgongoni. Si wavivu hao. Wala si kwamba wazazi wao hawapendi masomo. Mama ameenda kwa soko ao ameenda kusukula mawe, na mtoto wa mwaka moja na nusu hawezi kubaki peke yake kwa nyumba. Basi dada yake anabaki naye. Leta iliondoa minervali, haikumuondoa mtoto kwenye mgongo wa dada yake.

Ndiyo maana sisi vijana wa kundi hili la raia, hapa Kolwezi, tunaandika leo juu ya kreshi. Tunajua wengine watacheka. Walishatuambia: «Ninyi vijana semeni juu ya umeme, maji, barabara, uchaguzi. Mambo ya kulinda watoto ni mambo ya bamama.» Tunajibu hivi: bamama ni raia. Mwenzetu wa kike akizaa, tunaanza kumkosa kwenye mikutano, kwenye maandamano, kwenye masomo ya usiku, na kisha tunamkosa hata kwenye kazi aliyokuwa nayo. Hakubadilisha mawazo. Amekosa paka mtu wa kumuachia mtoto kwa masaa sita. Kitu kinachowafunga watu wengi hivyo ndani ya nyumba ni jambo la siasa, hata kama kinanuka maziwa na mkojo.

Tuangalie vizuri mama wa Kolwezi mwenye mtoto mdogo ana njia gani mbele yake.

Njia ya kwanza ni kreshi yenye ruhusa. Ziko, kwenye mitaa ya katikati ya mji, na hatuzilaumu. Ukuta umepakwa rangi, kuko michoro ya sungura na tembo, agrema (ile karatasi ya ruhusa ya leta) imetundikwa kwenye mlango. Lakini bei inasemwa kwa dola, inalipwa kwa mwezi, na inalipwa mbele. Hiyo ni bei ya watu wenye mshahara wa kampuni ya madini. Mama anayeuza nyanya hana mwezi. Ana siku. Anaanza asubuhi na mtaji wa mkopo, anamaliza jioni na faida ndogo, na kesho anaanza tena. Hata ungepunguza bei ile nusu, bado angeshindwa, juu unamwomba alipe leo siku thelathini ambazo hajazifanyia kazi. Watu wengi wakizungumza juu ya bei ya kreshi wanasahau jambo hili, na kwetu ni jambo kubwa kuliko bei yenyewe.

Na masaa? Soko linaanza kabla jua kutoka. Bamama wanaofuata mboga kwenye magari wanatoka nyumbani saa kumi na moja ya asubuhi. Kreshi inayofungua mlango saa mbili haiwezi kuwasaidia. Materneli nayo inachukua watoto kuanzia miaka mitatu, na mchana inawarudisha nyumbani. Ni kitu kizuri kwa kufundisha mtoto, lakini haiko mahali pa kumlinda wakati mama yuko kwa kazi.

Njia ya pili ni mama wa parseli. Kila kartie iko naye. Ni mama mkubwa kidogo, pengine mjane, anayepokea watoto wa majirani ndani ya chumba chake kimoja: watano, wanane, siku zingine kumi na wawili. Unamlipa franga kila jioni, ama unamletea unga, ama makala. Hana karatasi yoyote. Wengi wao ni watu wazuri sana, na bila wao mji huu ungesimama. Lakini mtu moja na watoto kumi na wawili, na mbabula wa makala unaowaka kwenye mlango, na ndoo ya maji bila kifuniko: hapo si moyo mzuri unaokosekana. Mtoto akiungua, mama wa parseli atalia pamoja na mama mzazi, na kesho yake watoto wengine kumi na moja watarudi palepale juu hakuna mahali pengine.

Njia ya tatu ni kumbeba. Hiyo ndiyo tunaiona kila siku mpaka macho yetu yamezoea. Kwa soko, mtoto analala chini ya meza ya nyanya, juu ya kiguo, kati ya moshi wa mahindi ya kuchoma na magurudumu ya pikipiki. Mama moja alituambia: «Nikimuacha, nani atamuangaria? Nikimubeba, jua inamupiga. Nikibakia ku nyumba, tutakula nini?» Na kwa wale wanaosukula mawe ni mbaya kupita. Mtoto anakaa kando ya kiziba, ndani ya vumbi la kobalti na maji ambayo mtu mzima mwenyewe anaogopa kunywa.

Mwaka 2016 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye kobalti ya Kongo, na dunia yote ikashtuka. Makampuni ya simu na ya magari yakaapa kwamba hayatanunua tena madini yenye mkono wa mtoto. Vizuri. Wakaja watu wenye kamera, wakatafuta mtoto wa miaka kumi aliyebeba mfuko. Lakini wachache waliuliza mtoto yule alifikaje pale. Wengi hawakuamka siku moja wakaamua kwenda kuchimba. Walifika wakiwa na miezi sita, juu ya mgongo. Walijifunza kutembea kati ya mawe. Wakiwa na miaka mitatu waliokota kwa mchezo, wakiwa na miaka mitano mchezo ule ulikuwa na bei. Sheria ya nchi inakataza mtoto kufanya kazi ya mgodi, na tunakubali. Ila ukimkataza bila kumpa mama yake mahali pa kumuacha, unamfukuza tu mtoto kutoka upande huu wa kiziba kwenda upande wa pili.

Kuko wanaotujibu kwamba kreshi ni desturi ya Wazungu, kwamba sisi Waafrika tuna bibi, tuna shangazi, tuna jamaa kubwa. Tunaheshimu bibi zetu. Lakini bibi wa nani? Watu wengi walikuja Kolwezi kutoka Kasai, kutoka Kamina, kutoka Kasenga, kufuata kazi ya madini, na bibi alibaki kwenye kijiji. Na yule bibi aliye hapa mjini, naye anauza makala kwenye barabara, juu pensheni ya mzee wake haikuja.

Wazee wa Gécamines, ambao bado wako wengi katika mji huu, wanajua vizuri tunazungumza nini. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, kampuni ilikuwa na hospitali yake, masomo yake, fuaye za bamama, mahali pa kupima uzito wa watoto wachanga, na unga kila mwezi. Hatusemi wakati ule ulikuwa paradiso. Mkoloni hakufanya hayo kwa mapendo. Alihesabu kwamba mfanyakazi mwenye mtoto mzima anachimba vizuri kuliko mfanyakazi mwenye mtoto mgonjwa. Lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli! Kisha kampuni ikaanguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 mpaka 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa ile waliyoita «kuondoka kwa hiari». Baba alitoka na pesa kidogo iliyoisha upesi. Ni mama aliyeingia barabarani kulisha nyumba. Kazi ilihama kutoka kwa baba mwenye mkataba ikaenda kwa mama asiye na mkataba, na wakati ileile kila kitu kilichowalinda watoto kilifungwa. Makampuni mapya yalikuja, yanachimba kupita Gécamines ilivyochimba, na Kongo leo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Unga wa kila mwezi haukurudi. Fuaye hazikurudi. Hatuombi tena kampuni iwe baba yetu. Tunaomba leta iwe leta.

Na sheria ya leta inasema nini? Kodi ya kazi ya 2002 inampa mama mfanyakazi wiki 14 za kupumzika wakati wa kuzaa, na kisha nusu saa mara mbili kwa siku ili anyonyeshe. Hesabu wewe mwenyewe: wiki 14 zikiisha, mtoto ana miezi mitatu hivi ao chini. Materneli inamngoja kwenye miaka mitatu. Katikati hapo kuko zaidi ya miaka miwili na nusu ambayo hakuna ofisi inayosema «huyu ni wangu». Na hizo wiki 14 ni za mwenye mkataba. Muuza samaki hana hata siku moja. Tumeona mama aliyerudi kwa meza yake siku ya nane, kitovu cha mtoto hakijapona.

Lakini Katiba haikunyamaza. Artikli ya 40 inasema kulea watoto ni haki na ni kazi ya wazazi, na kwamba wanaifanya chini ya mamlaka ya leta na kwa msaada wa leta. Tusome vizuri: mamlaka na msaada. Mpaka leo, upande wa mamlaka tunaujua. Mtu akifungua mahali pa kulinda watoto, wanakuja. Huyu anataka karatasi ya usafi, huyu ya mazingira, huyu ya mabango, huyu anasema yeye ni wa kodi, na mwingine hasemi yeye ni wa nani, anasema paka «tuonane». Mama wa parseli anayesikia hivyo anafanya nini? Anafunga mlango wa mbele na kupokea watoto kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo agrema, iliyotengenezwa ili kumlinda mtoto, inamficha mtoto. Mwenye pesa anainunua na kuiongeza juu ya bei. Asiye na pesa anakimbia. Mtoto aliye na hatari kubwa ndiye asiyeonekana na mtu wa leta hata siku moja.

Hapa hatukubaliani na wenzetu wengine wanaosema leta ifunge nyumba zote zisizo na ruhusa. Ukizifunga kesho asubuhi, kesho kutwa watoto wako chini ya meza, na wasichana wa miaka kumi wametoka masomo. Hatutaki pia ruhusa ya uongo, ile ya kulipa na kupewa muhuri bila mtu kufika kuangalia. Tunataka ruhusa ya ngazi mbili. Ile kubwa kwa kreshi kubwa, yenye masharti yake yote. Na ile ndogo, ya bure kabisa, kwa mama anayelinda watoto wachache kwa nyumba yake: tuseme wasizidi watano akiwa peke yake, wanane akiwa na msaidizi. Ajiandikishe kwenye komini, apewe mafundisho ya siku chache, apewe namba ya kuandika kwenye mlango. Asilipe hata franga. Na mtu wa Affaires sociales apite kumuona, si kumtoza.

Akipita aangalie nini? Hatuhitaji kitabu kikubwa cha Kinshasa. Bamama wenyewe, tulipowauliza, walitupa orodha nzuri kuliko ya ofisi. Mbabula uko wapi, na mtoto anaweza kuufikia? Maji ya kunywa yanachemshwa, na ndoo ina kifuniko? Choo kiko karibu, na shimo lake limefunikwa ili mtoto asianguke? Watoto wana kadi ya chanjo? Mtoto akipata homa, nani anampigia mama simu, na namba imeandikwa wapi? Nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto jioni, juu si kila mtu anayesema «mimi ni mjomba» ni mjomba. Kuko mwanaume mzima anayeingia na kutoka ndani ya nyumba ile wakati wa mchana? Na lile swali ambalo watu hawapendi kuliuliza: mtoto anapewa siro ili alale? Mama moja alisema, na wote wakanyamaza: «Mutoto mwenye kulala sana, uogope.» Mkaguzi anayeingia bila kutangaza, saa nane mchana, na kukuta watoto wanane wote wamelala usingizi mzito, ajue kazi yake imeanza.

Nchi hii haianzi kutoka sifuri. Kuko tayari zile espaces communautaires d'éveil, nafasi ambazo jamii yenyewe inakusanya watoto wadogo chini ya uongozi wa bamama wa kartie, wanaimba, wanacheza, wanajifunza rangi na hesabu. Wazo ni zuri na linagharimu kidogo. Ila nyingi zinategemea mradi, na mradi ukiisha bango linabaki na watoto wanaenda. Na zinafanya masaa machache ya asubuhi. Tukichukua mfano huu, tukaongeza masaa, tukaongeza mahali pa kulaza wachanga na uji wa mchana, tukapeleka ndani ya soko, basi kreshi iko. Huko Delhi, India, tangu mwaka 1969 kundi linaloitwa Mobile Creches linalinda watoto wa bamama wanaobeba matofali, palepale kwenye shantie, na kazi ikihama kreshi inahama nayo. Kama mahali pa kujenga magorofa panaweza kuwa na kreshi, soko la Kolwezi linaweza.

Sasa pesa. Hapa ndipo watu wanatuangalia kwa macho ya huruma, kana kwamba tumeomba mwezi na nyota. Tusome pamoja.

Kodi ya madini iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018 inasema kampuni inalipa redevansi juu ya thamani ya madini inayouza. Kwa shaba ni 3,5 %. Kobalti iliwekwa kati ya madini ya maana sana, nayo inalipa 10 %. Pesa hiyo inagawanywa: 50 % inaenda Kinshasa, 25 % inabaki na jimbo, 15 % inaenda kwa komini, sekta ao sheferi ambako madini yanachimbwa, na 10 % inaingia katika mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tunapenda sana jina la mfuko huo. Kizazi kijacho kimekwisha kuja. Kiko chini ya meza ya nyanya. Mbali ya redevansi, kila kampuni inapaswa kutoa 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi, na kuandikiana na jamii hizo kitabu cha masharti: masomo gani, barabara gani, maji wapi.

Tuseme kampuni moja imeuza kobalti ya dola milioni 100. Redevansi ni dola milioni 10. Sehemu ya 15 % ni dola milioni moja na nusu, na inapaswa kufika huku chini, kwenye komini. Ile 0,3 % ni dola 300.000. Sasa tuhesabu kreshi ya soko. Hangari moja yenye sima safi, ukuta mfupi, mlango unaofungwa, choo cha watoto, tanki ya maji, mikeka, vyungu, na bamama sita wenye mshahara. Tukilipa kila mama dola 200 kwa mwezi, ambazo ni nyingi kupita wanazopata leo wafanyakazi wengi, inakuwa dola 14.400 kwa mwaka. Dola milioni moja na nusu ingelipa mishahara ya kreshi mia moja za namna hiyo. Hatuombi mia moja. Tunaomba moja kwa kila soko kubwa la Dilala na la Manika, na moja kwa kila mahali ambapo bamama wanasukula mawe, iwekwe mbali na vumbi na karibu ya kutosha ili mama aende kunyonyesha.

Wengine watasema: barabara kwanza. Sisi pia tunakanyaga matope. Lakini barabara inajengwa kwa pesa nyingi, inachukua miaka, na mara nyingi mvua mbili zinaibeba. Kreshi ya soko ni kazi ya miezi mitatu. Na inarudisha pesa upesi: mama asiye na mtoto mgongoni anauza masaa mengi, anaenda kununua mali mbali, na ile kodi ya meza ambayo komini inamtoza kila siku anailipa bila vita. Msichana wa miaka kumi anarudi darasani, na ile gratuité ambayo leta inajivunia nayo inapata mtu wa kuikalia kwenye banki.

Bei kwa mama iwe ya siku, si ya mwezi. Sisi tunapendekeza isizidi franga 1.000 kwa siku, uji ndani yake, na siku asiyokuja asilipe. Mlango ufunguliwe saa kumi na moja ya asubuhi, ufungwe saa kumi na mbili ya jioni. Kamati ya kusimamia iwe na bamama wa soko wenyewe kwa wingi, wachague na waondoe; hatutaki tuone kreshi inayopewa jina la mke wa mkubwa na kufunguliwa siku ya picha tu. Wale bamama wa parseli ndio wapewe kazi kwanza, kabla ya binamu wa mtu fulani. Wameshikilia mji huu kwa miaka bila mtu kuwashukuru, na mikono yao inajua mtoto.

Na kwa bababa neno moja. Katika mazungumzo yote tuliyofanya kwa soko juu ya jambo hili, mwanaume aliyesimama kusikiliza mpaka mwisho alikuwa fundi moja wa pikipiki, na alikuwa na mtoto wake kwenye mguu. Wengine walisema «muulize mama yake». Artikli ya 40 imeandika wazazi, haikuandika mama. Franga 1.000 ya kreshi inaweza kutoka ndani ya mfuko wa suruali pia.

Kwa hiyo tunawaandikia ba burugumestri wa Dilala na wa Manika, pamoja na ofisi ya mji, mambo matatu. Waandike kwenye ukuta wa komini, kwa herufi kubwa, redevansi waliyopokea mwaka uliopita na kazi iliyofanya. Watenge katika bajeti inayokuja mstari wa kreshi za soko, wenye namba, si wenye maneno «na mengine». Na pamoja na Affaires sociales wafungue daftari la ile ruhusa ndogo ya bure, ili bamama wa parseli waanze kujiandikisha bila kuogopa. Kwa makampuni, tunaomba kreshi iingie kwenye vitabu vya masharti wakati wa kuvifanya upya, na jamii za Kasulo, za Kapata na za vijiji vya kando tunaziomba zisisaini kitabu chochote ambacho hakina.

Barua itapelekwa mkononi, na tutaomba muhuri wa kupokea. Tunatoa siku 30 za kujibu. Bamama wa soko wanaotaka kuweka jina lao ao kidole chao wamfikie yeyote kati yetu anayevaa fulana ya kundi, karatasi ziko. Siku ya 31 tutakuja kwenye mlango wa komini saa mbili ya asubuhi, kwa amani, kama kawaida yetu, pamoja na bamama na watoto wao wote, na tutakaa mpaka saa kumi na mbili ya jioni. Tunaomba tu watayarishe mikeka na maji ya kuchemsha.